Paneli za spika za miguuni kwa Beetle ya 1973: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiendesha Volkswagen Beetle ya mwaka 1973 iliyofungwa paneli za spika zilizotengenezwa kwa kuagizwa, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwenye gari la zamani anayetaka muziki unaosikika vizuri lakini hayuko tayari kuona bati la gari lake likikatwa. Paneli ninazozizungumzia ni za miguuni, yaani zile zinazokaa ubavuni mwa nafasi ya miguu, mbele kidogo ya bawaba za mlango, moja upande wa dereva na nyingine upande wa abiria. Kila moja ni boksi la fiberglasi lililozibwa pande zote, lenye pete ya plaiwudi ya unene wa milimita 18 ambayo spika ya milimita 130 hufungwa juu yake, na nje limevalishwa ngozi bandia. Spika zenyewe nilizinunua kando, kwa hiyo nitazitaja tu pale zinapogusa kazi ya paneli.

Gari liliponifikia lilikuwa na spika moja ndani ya dashibodi, na mmiliki aliyetangulia alikuwa ameongeza mbili juu ya ubao uliofunika nafasi ya mizigo iliyo nyuma ya kiti cha nyuma. Mpangilio huo ni rahisi kuufunga, lakini katika Beetle haufai hata kidogo, kwa sababu injini yake inayopozwa kwa hewa imo nyuma, na muziki unaotoka nyuma unachanganyika na mngurumo unaotoka huko huko. Ukiongeza sauti ili uisikie juu ya injini, mwimbaji anakuimbia kisogoni na ngoma zinageuka kelele. Njia ya pili inayopendekezwa mara nyingi ni kuweka spika milangoni. Mlango wa gari hili ni mwembamba, kioo chake hushuka karibu kabisa na mahali ambapo sumaku ya spika ingekaa, na maji ya mvua huteremka ndani yake kila inaponyesha. Juu ya hayo yote, ingenibidi nitoboe tundu kubwa katika bati ambalo limedumu kwa zaidi ya miaka 50, na tundu la namna hiyo halirudi kuwa bati.

Kabla ya kuagiza nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiwa na futi ya kamba, mtu mwingine akashika ncha yake mahali ambapo kila spika ingekaa. Kutoka masikioni mwangu hadi mlango wa karibu nilipata sentimita 68, na hadi mlango wa mbali 113. Kwa paneli za miguuni vipimo vilikuwa sentimita 110 na 141. Tofauti ya sentimita 45 imepungua kuwa 31, lakini linalohusu zaidi ni uwiano: spika ya mlango wa karibu ingesikika kwa nguvu ya zaidi ya desibeli 4 kuliko mwenzake, ilhali miguuni tofauti hiyo ni takriban desibeli 2. Ndiyo maana paneli za miguuni humrudisha mwimbaji mbele ya dereva hata pale redio isipokuwa na uwezo wa kuichelewesha sauti ya spika ya karibu ili ifike masikioni pamoja na ya mbali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotenganisha paneli hizi na zile zinazouzwa tayari zikiwa zimeandikwa kwamba zinafaa kwa Beetle zote. Gari lililotoka kiwandani mwaka 1973 haliko tena kama lilivyotoka. Limegongwa mahali na kunyooshwa, zulia lake limebadilishwa kwa jingine lenye unene tofauti, sakafu imechomelewa viraka, na mkono wa kila fundi aliyepita umeacha milimita zake. Paneli inayotengenezwa kwa kipimo cha aina ya gari itakuwa sahihi kwa gari la kwenye mchoro. Karakana niliyoagiza kwake ilinitaka nitengeneze vielelezo vya karatasi ngumu kutoka kwenye gari langu mwenyewe, kulia na kushoto, zulia likiwa limelazwa mahali pake, na kuweka alama pale kila kanyagio linapofikia linapokanyagwa hadi mwisho. Waliniomba pia picha zenye rula ndani yake ili wathibitishe kwamba karatasi haikujikunja njiani. Kazi hiyo ilinichukua siku nzima, na ningependa kila mtengenezaji wa paneli awadai wateja wake siku hiyo.

Kwa bahati mbaya, karakana hiyo hiyo haikuufuata utaratibu wake kikamilifu. Paneli ya kushoto ilikaa vizuri tangu mara ya kwanza, lakini ya kulia iliacha mwanya wa milimita 6 kwenye kona ya juu, mwanya ambao mtu yeyote anayefungua mlango angeuona. Nilipolinganisha paneli zote mbili na nakala za vielelezo nilizobaki nazo, niligundua kwamba ile ya kulia ilikuwa imetengenezwa kwa kugeuza umbo la kushoto, kana kwamba gari ni sawa pande zote mbili. Gari langu haliko hivyo, kwa kuwa ubavu wa kulia uliwahi kunyooshwa zamani, na kielelezo nilichotuma kilionyesha hivyo waziwazi. Nilituma picha, wakakiri kosa bila kubishana, wakatengeneza nyingine, nayo ikanifikia baada ya wiki tatu. Nawapa sifa kwa kukiri, lakini siwezi kulipuuza kosa lenyewe, kwa sababu mteja asiyekuwa na nakala za vielelezo vyake angeambiwa kwamba alipima vibaya na angekosa la kujibu. Anayetaka kuagiza paneli za aina hii, popote pale, na achore nakala ya kila kielelezo kabla ya kukituma.

Kuhusu ujenzi wa boksi lenyewe sina lawama. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, huivuta ile iliyo nyuma yake kwa wakati huo huo, na mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, hasa katika sauti nzito. Kwa hiyo paneli yenye upenyo kati ya mbele na nyuma hupoteza besi, hata kama spika ni ya kiwango cha juu. Nilizijaribu paneli hizi kwa kusukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa na kuiachia: ilirudi polepole, ishara kwamba hewa imezuiwa ndani. Pete ni ya plaiwudi ya tabaka nyingi nyembamba, wala si ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, ambao hufyonza unyevu na kuvimba kando ya skurubu, na upande wake wa nyuma umepakwa resini. Ukuta wa fiberglasi una unene wa karibu milimita 5, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unajibu kwa mlio mfupi, mkavu, usiovuma.

Nafasi ya ndani ni ndogo. Niliingiza mfuko mwembamba wa plastiki ndani ya boksi kupitia tundu la spika, nikaujaza mchanga mkavu, kisha nikaupima mchanga huo: ulikuwa takriban lita 3. Spika ya milimita 130 katika lita 3 haiwezi kushuka chini sana, kwa kuwa hewa iliyobanwa nyuma yake huwa ngumu kama springi fupi. Karakana ilikuwa imejaza pamba ya poliesta ndani, ambayo huifanya spika ihisi kama iko katika nafasi kubwa kidogo kuliko ilivyo, lakini pamba haifanyi miujiza. Niliweka kichujio cha redio kwenye hezi 90 (mitetemo 90 kwa sekunde), paneli zikashughulikia sauti za juu ya hapo, na spika ndogo ya besi niliyoiweka kwenye nafasi ya mizigo nyuma ya kiti ikachukua zilizobaki. Atakayezinunua paneli hizi akitarajia besi bila msaada wa spika nyingine atasikitika, na maelezo ya muuzaji yangepaswa kulisema jambo hilo mapema.

Lipo suala la usalama ambalo sijaliona likipewa uzito unaostahili. Makanyagio ya Beetle yameegemea sakafuni, hayaning'inii kutoka juu, na katika gari lenye usukani wa kulia kama langu, akselereta ndiyo iliyo jirani kabisa na paneli. Pale paneli inapotokeza zaidi imechukua sentimita 9 za upana. Ukingo wake wa chini, katika mchoro wa kwanza walionitumia, ulikuwa mkali na uliojitokeza, kiasi kwamba soli ya kiatu kipana ingeweza kunasa chini yake wakati mguu unatoka kwenye akselereta kwenda kwenye breki. Niliomba ukingo huo uviringwe na urudishwe nyuma, wakafanya hivyo bila kusita. Hata hivyo, kabla ya kuliingiza gari barabarani nilikaa nikiwa nimevaa buti nene kuliko zote nilizonazo, nikahamisha mguu kutoka kanyagio moja hadi jingine mara nyingi, haraka na polepole, mpaka niliporidhika kwamba hakuna kinachonasa. Muziki haustahili kuchelewesha breki hata kwa robo ya sekunde.

Ufungaji haukuhitaji tundu jipya hata moja. Kila paneli inashikwa na skurubu mbili zinazoingia katika matundu yaliyokuwapo tayari, pamoja na kibano kinachoingia nyuma ya ukingo wa zulia. Hili lina maana kubwa katika Beetle, kwa sababu hewa ya moto kutoka kwenye injini hupitia ndani ya vizingiti vilivyo chini ya milango, na skurubu iliyotoboa vizingiti hivyo hukaribisha kutu mahali ambapo ni vigumu kupaona na kazi kubwa kupatengeneza. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma, jambo lililonirahisishia kazi, kwani niliiweka amplifaya karibu nayo na waya mkuu ukawa mfupi, fyuzi yake ikiwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Yeyote atakayefanya hivyo akumbuke kurudisha kifuniko cha betri, maana springi za kiti zikikandamizwa na uzito wa abiria zikagusa ncha za betri, moto unaweza kuwaka. Niliuhakiki pia mwelekeo wa waya za kila paneli kwa betri ndogo ya volti 1.5: koni zote mbili ziliruka kwenda mbele, kama inavyotakiwa. Moja ingerudi nyuma, besi ingepungua na mwimbaji asingekuwa na mahali pa kusimama.

Ngozi bandia ilinipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote, nayo ndiyo iliyonifurahisha mwishowe. Rangi ya asili ya ndani ya gari imefifia kwa miongo ya jua, na kipande kipya cha rangi ile ile ya kiwandani kingeonekana kama kiraka. Nilituma vipande viwili, kimoja kutoka chini ya kiti ambapo jua halifiki na kingine kutoka sehemu iliyo wazi, nikaomba wafuate cha pili. Walifuata, na hata vinyweleo vya ngozi vimekaribiana sana na vya milango. Gari lililoegeshwa juani huweza kupita nyuzi 60 ndani, na gundi dhaifu huachia kwanza kwenye mikunjo ya ndani, pale ngozi inapovutwa kufuata umbo la pete. Baada ya miezi minane, ikiwamo ile ya joto kali, mikunjo yote bado imeshikilia.

Nilipomaliza kufunga, nilipiga sauti ya toni moja nikaipandisha taratibu kutoka hezi 40 hadi 200, nikisikiliza kila kitu kinachotetemeka. Karibu na hezi 140 wavu wa chuma unaoilinda spika ya kushoto ulianza kulia kama nyuki ndani ya kopo. Ukanda mwembamba wa sponji ulioingizwa chini ya wavu ulimaliza tatizo, lakini huo ni ukanda ambao ulipaswa kuwekwa karakanani, kwa kuwa kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa dakika tano za majaribio.

Na sauti? Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, sauti ya mwimbaji inakaa juu ya dashibodi, kidogo upande wa kulia wa katikati, ingawa spika ziko chini kwenye miguu. Gitaa la kushoto linabaki kushoto. Maneno yanaeleweka kwa kiwango cha sauti ambacho zamani nilikuwa nasikia ngoma tu. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini hufunika sehemu ya sauti nzito, kama itakavyofanya daima katika gari hili, lakini sauti za kati zinapenya bila kulazimika kuongezwa hadi kuumiza sikio. Abiria husikia vizuri karibu sawa na dereva, isipokuwa goti lake likiwa mbele ya spika, ambapo sauti za juu hupungua. Wenye kutumia spika zenye twita ya kando, yaani spika ndogo ya sauti za juu iliyotengwa na ile kubwa, wataweza kuipandisha juu na kuliepuka hilo.

Ningeagiza tena kutoka karakana hiyo hiyo, kwa masharti mawili: wanipigie picha ya kila paneli ikiwa imelazwa juu ya kielelezo changu kabla ya kuifunga kwa safari, na wanitumie mchoro wa ukingo wa chini kabla fiberglasi haijamwagwa. Paneli ya kulia yenye mwanya bado ninayo. Nimeichana ngozi yake, na ninaitumia kujaribu kama pete ya milimita 165 inaweza kuingia bila kuisogelea akselereta.