72 Seasons ya Metallica: naomba niongelee mkono wa rizimu

Wadau, hii albamu ilitoka tarehe 14 Aprili 2023 na mimi nimekaa kimya muda wote huu kwa sababu sipendi kusema chochote kuhusu albamu ya Metallica, hii bendi ya metali ya Wamarekani, nikiwa nimeisikiliza wiki moja, nilishawahi kufanya hivyo mara mbili na mara zote mbili nilikosea, nitaeleza huko mbele. Nawasikiliza tangu 1995. Waliowajua juzi juzi 2022 kupitia ile sirizi ya Netflix, Stranger Things, iliyopiga ngoma yao, nao karibuni sana, muziki hauna mwenyewe.

Nilivyoanza ni hivi. Binamu yangu alikuwa baharia, akarudi na kaseti moja kava lake jeusi tii, yule nyoka humuoni mpaka uigeuzegeuze kwenye mwanga. Mi nilikuwa form two Morogoro nakaa kwa mjomba, na huyu mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga rizimu, yaani gitaa la kushika mwendo chini ya lile la solo, kwenye bendi za dansi miaka ya sabini na themanini, sio hawa wenye majina makubwa, alikuwa anapiga tu kwenye mabaa na kumbi za Moro. Sasa Moro ndo mji wa Mbaraka Mwinshehe, kila kijana aliyeshika gitaa alitaka apige solo, mjomba yeye akabaki kwenye rizimu maisha yake yote na hakuwahi kulalamika. Siku nimeweka ile kaseti kwenye redio yake nilijua atanifokea nizime. Akakaa, akasikiliza ngoma nzima mpaka mwisho, halafu akasema, "Mjomba, huyu wa solo anajua, lakini mwenye bendi ni huyu wa rizimu." Hakujua jina la mtu hata mmoja pale, hata Kiingereza chao alikuwa hakielewi vizuri.

Tangu siku ile nasikiliza Metallica kwa sikio la mjomba. Mashabiki tumebishana miaka yote, mara walikata nywele wakaharibika, mara prodyuza Bob Rock ndo kawalainisha, mara wanapiga polepole siku hizi, na mimi kila nikirudia albamu zao moja moja naona jambo lile lile tu, kwamba mkono wa kulia wa James Hetfield, mwimbaji na mpiga rizimu wao, ukiwa mbele na umekazwa albamu inasimama, wakiulegeza au wakiufunika albamu inayumba. Kasi, nywele na video hazijawahi kuwa tatizo.

Kwa ambaye hajawahi kushika gitaa nieleze kidogo. Wapigaji wengi kwenye kasi kubwa wanapiga nyuzi kwenda chini na kurudi juu, chini juu chini juu, mkono unapumzika njiani. James anapiga chini tu. Chini chini chini chini, huku ubavu wa kiganja umelala juu ya nyuzi ili sauti isisambae, na ile Master of Puppets ya 1986 inaenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika na ina dakika nane na nusu. Mi nilijaribu na gitaa la kwaya ya pale mtaani, kabla hata dakika mbili hazijaisha msuli wa chini ya kiwiko ulikuwa umekaza kama jiwe na kile kiplastiki cha kupigia kinateleza vidoleni. Ukipiga chini juu sauti inakuwa na mteremko fulani hivi, noti moja nzito moja nyepesi, ila ukipiga chini tu kila noti inatua na uzito ule ule, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja na hakuna anayechoka. Ile ndo sauti ya Metallica. Na tangu Kill 'Em All ya 1983 mpaka ile kaseti nyeusi ya 1991, studio rizimu zote alikuwa anarekodi James peke yake, anapiga mara ya kwanza, anapiga tena juu yake, zinalaliana mpaka unasikia ukuta. Kirk Hammett, mpiga gitaa wao wa solo, alikuwa anakuja kuweka solo. Hata 1992 James alipoungua na moto wa jukwaani kule Montreal mkono wa kushoto, ilibidi wamsimamishe mtu aliyewahi kuwa fundi wa magitaa wa bendi apige rizimu na yeye aimbe tu, ziara ikaendelea.

Justice ya 1988 naipenda na inaniuma kwa pamoja. Mkono uko pale, labda haujawahi kuwa mkali kuliko pale, lakini besi haipo. Haipo kabisa! Cliff Burton, mpiga besi wao, alishafariki kwenye ile ajali ya basi Sweden tarehe 27 Septemba 1986, wakamchukua Jason Newsted ashike besi, halafu kwenye albamu yake ya kwanza kamili nao wakamzima asisikike. Na sisi huku muziki usio na besi tunauona haujapikwa ukaiva. Nilivyonunua sabufa yangu ya kwanza albamu niliyoijaribia ni hiyo, nikafungua besi mpaka mwisho, kimya, nikajua nimeuziwa sabufa mbovu, nikachukua bisibisi nikafungua kifuniko cha nyuma nikawa naangalia nyaya moja moja kama kuna iliyochomoka. Nyaya zote nzima. Nikaweka dansi, vikombe kabatini vikatetemeka. Nilimwonea huruma sana Jason siku ile, mtu kafanya kazi miezi, watu wa mbali kama mimi tunamsikia kama hayupo.

Sasa nilikokosea. Load ya 1996 niliisikiliza wiki moja nikaiuza. Niliona sio wao, gitaa limelegea, kuna harufu ya country, ule muziki wa mashambani wa Wamarekani, James anaimba kama mtu aliyekaa kibarazani. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba pale ndo mara ya kwanza Kirk naye alipiga rizimu kwenye albamu, walitaka mikono miwili tofauti ili muziki ulegee kidogo, yaani nilichokisikia kilikuwepo kweli, ila nikakiita kosa wakati wenyewe walikitafuta. Na kuna kitu niliruka kabisa. Mama yake James alifariki kwa kansa yeye akiwa na miaka 16, na dini ya familia yao haikuamini matibabu ya hospitali, wakamwangalia anaondoka hivyo hivyo. Alishaanza kuligusa 1991 ila kwenye Load ndo analiimba kwa sauti ambayo hajifichi nayo tena. Mimi nilikuja kuisikiliza tena Load 2007 nikiwa namuuguza mama yangu, usiku, hedifoni sikioni ili asiamke, nikasema mbona hii albamu nilikuwa nayo mkononi nikaiuza. Bado naona ni ndefu mno, ngoma 14 karibu dakika 79, ila siwezi tena kumsikiliza mtu anayesema Load ni takataka.

Kosa la pili ni St. Anger ya 2003, hiyo niliisifu kwa kila mtu. Nilikuwa nimesubiri albamu ya ngoma zao mpya miaka sita, Jason kaondoka, James katoka kwenye matibabu ya pombe, nikawa nawaonea huruma nikachanganya huruma na muziki. Leo siwezi kuimaliza. Drams ya Lars Ulrich inalia kama unagonga sufuria tupu, hakuna solo hata moja, na zaidi ya yote rizimu imewekwa kama matope, huwezi kutenganisha noti na noti. Death Magnetic ya 2008 mkono ulirudi, nilifurahi mno, ila sauti waliikandamiza ikawa juu kila sehemu mpaka inachakaa masikioni, mashabiki kwa maelfu wakatia saini wakiomba irekebishwe. Hardwired ya 2016 ni nzuri ile nusu ya kwanza. Hiyo Kirk alikuwa amepoteza simu yenye vipande vyake vya gitaa zaidi ya 250, hakuwa na nakala nyingine, na unasikia kabisa kwamba kuna mtu anakosekana mezani.

Ndo tunafika kwenye hii 72 Seasons. Jina maana yake misimu 72, kila mwaka misimu minne, ndo miaka 18 ya mwanzo ya mtu, yale uliyobebeshwa na wazazi na mtaa kabla hujajichagulia. James anaandika hayo akiwa amerudi tena kwenye matibabu 2019, na akiwa anakaribia miaka 60. Ngoma 12, dakika 77.

La kwanza, mkono umo. Sikilizeni Shadows Follow na hedifoni nzuri, sio spika ya simu tafadhali, mwanzo tu pale magitaa yanapoingia, kila pigo lina mwanzo na mwisho wake, hakuna linaloburuza. Mtu wa miaka 59! Lux Æterna ina dakika tatu na kidogo, inapita kama basi la usiku, na imekaa karibu sana na walivyokuwa 1983 isipokuwa sasa hivi hawakimbizwi na mtu. La pili, besi. Robert Trujillo, mpiga besi wao wa sasa, anasikika jamani. Sleepwalk My Life Away inaanza na besi na drams peke yao, na sabufa yangu ya sasa ilipoguna pale nilicheka mwenyewe sebuleni kwa furaha, nikamkumbuka Jason. La tatu sauti ya James, kuimba kwake kumekuwa bora kuliko wakati wowote, hapigi kelele, anaimba noti na anaishikilia.

Manung'uniko ninayo. Kirk hapa solo nyingi anakanyaga ile pedali ya wah, inayofanya gitaa lilie kama mtu anasema "wah", mwanzo mpaka mwisho, ukizichukua solo nne za albamu hii ukazibadilishana nafasi sidhani kama wengi watagundua, na huyu ni mtu aliyewahi kuweka solo ambazo tunaziimba kwa midomo kama mashairi. Amerudi kwenye utunzi, hilo jema, ila solo zilihitaji kukaa siku mbili zaidi. Lars kapiga kwa usalama, sawa, simdai kasi ya ujana, namdai tu asirudie mzunguko ule ule dakika saba. Na urefu, urefu ndo unaoniudhi zaidi. Chasing Light ina dakika sita na zaidi na yenye kazi ni nne. Ngoma ya kwanza inayobeba jina la albamu inachelewa kuingia. Mjomba alikuwa na neno lake, kwenye dansi chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, likishachemka mchezaji akishafika juu unamshusha, usimwache juu mpaka achoke akae. Hawa wanamwacha juu.

Halafu mwisho kabisa kuna Inamorata, dakika kumi na moja na sekunde, ndefu kuliko ngoma yoyote waliyowahi kutunga peke yao, na hiyo ndo siigusi. Katikati magitaa yanakaa pembeni, inabaki besi inatembea taratibu na drams ikigusa sahani tu, James anaimba chini chini kama anaongea na mtu aliyelala, halafu magitaa mawili yanarudi yanaimba pamoja. Desemba nilipanda Moro nikamwekea mjomba. Nilimsalimia shikamoo akaniitikia marahaba mjomba, tukakaa, masikio yake siku hizi sio yale, anasogeza kiti mpaka kwenye spika. Kwanza nikampigia Shadows Follow. Hakusema neno. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, nikaona kifundo kinashuka, kinashuka, kinashuka, chini tu, hakirudi juu. Akaniuliza huyu ni yule yule wa kaseti ya binamu yako? Nikamwambia ndo yeye. Akasema, "Basi huyo anafanya mazoezi kila siku, huo mkono hauji wenyewe." Ile Inamorata alipoisikia mpaka mwisho akaniomba nimwekee kwenye flashi na za Mbaraka.

Huwa naulizwa uanze na ipi kama hujawahi kuwasikiliza. Usianze na hii, anza na ile nyeusi ya 1991 alafu rudi 1986. Ila kama ulikuwa shabiki ukaacha njiani miaka ya Load au St. Anger, hii ndo ya kurudia, na nakupa nilichokifanya mimi kwenye simu yangu: nimetoa Crown of Barbed Wire, Chasing Light na You Must Burn!, zimebaki ngoma tisa, kama dakika 57 hivi, Lux Æterna nimeipeleka mwanzo, Shadows Follow inafuata, Inamorata nimeiacha pale pale mwisho walipoiweka wenyewe. Kwa mpangilio huo naisikiliza karibu kila wiki, na hii ni mwaka wa tatu sasa.