TAHADHARI: "Majani tupu" ya kupunguza uzito, ogopa zaidi yale yanayofanya kazi

Tangazo ni lile lile, jina tu ndilo hubadilika: kilo 10 ndani ya siku 14, bila kujinyima, bila mazoezi, majani tupu, haina madhara. Chini yake picha mbili, ya kabla na ya baada. Bei haitajwi, unaambiwa uje inboksi. Wengi hudhani hatari iliyopo ni kupoteza pesa kwa majani yasiyo na kazi. Hayo ni afadhali. Balaa liko kwenye kidonge unachomeza leo na kesho njaa imekata kabisa.

Kwanza hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo kilo 10 ni 77,000. Gawa kwa siku 14, unapata 5,500 kila siku. Watu wazima wengi hutumia kati ya 1,800 na 3,000 kwa siku. Hata mtu akifunga wiki mbili bila kutia kitu mdomoni, hesabu haifiki. Basi mizani ikishuka kweli kwa kasi hiyo, jua kilichotoka zaidi ni maji na choo. Ini na misuli huhifadhi kama gramu 500 za wanga, na kila gramu hushikana na gramu 3 hivi za maji. Akiba hiyo ikiisha, karibu kilo 2 zimekwenda na mafuta hayajaguswa. Ukirudi kula kawaida, nazo zinarudi.

Chai nyingi za "kukata tumbo" ni sanamaki. Kwenye pakiti utaikuta kwa jina la Senna au Cassia, mara nyingine imefichwa chini ya "mchanganyiko maalumu". Sanamaki ni dawa halali ya kulainisha choo kwa aliyefunga choo, ya kutumiwa siku chache. Hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa 6 hadi 12 baada ya kunywa, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachokimbilia nacho chooni ni maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ikishuka sana misuli hulegea na moyo hupiga ovyo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukiacha chai, mwili uliokaushwa hushika maji kwa siku kadhaa: miguu inajaa, mizani inapanda. Muuzaji anakujibu, "Umeona? Umeacha mapema, chukua dozi ya pili." Kujaa huko kumeletwa na chai yenyewe, wala si dalili kwamba ulikuwa unapungua.

Vidonge ni habari nyingine. Dawa ambayo maabara za serikali za nchi nyingi zimeikuta mara kwa mara ndani ya vidonge vya "asilia" ni sibutramini. Iliwahi kuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti mkubwa kwa wagonjwa wa moyo na kisukari kuonyesha kwamba wanaoitumia hupata shambulio la moyo na kiharusi zaidi. Enzi zake kidonge kilikuwa na miligramu 10 au 15. Ndani ya kopo la mtaani hakuna anayejua, na makopo mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana. Dalili zake ni hizi: kinywa kikavu, usingizi kukatika, mapigo kwenda mbio, presha kupanda, njaa kupotea siku hiyo hiyo. Muuzaji huziita "sumu inatoka". Anayetumia dawa za sonona yuko hatarini zaidi, maana zikikutana na sibutramini mwili unaweza kutetemeka na kuchemka hadi kufikia hatua ya kifo.

Vingine vilivyowahi kukutwa humo ni fenolftalini, dawa ya choo iliyoondolewa Marekani mwaka 1999 kwa hofu ya saratani, na dawa za kukojosha. Ukiuziwa unga wa njano unaoitwa DNP, usiuguse. Huufanya mwili uunguze nishati na kutoa joto lisilozimika, na hauna dawa ya kuupoza.

Siku hizi kuna sindano pia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia, yaani dawa ya sindano ya kisukari na kupunguza uzito. Huko Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitalini baada ya kujichoma kalamu (sindano zenye umbo la kalamu) bandia zilizoshukiwa kuwa na insulini, dawa inayoshusha sukari mwilini. Semaglutidi halali huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, huandikwa na daktari, na kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Inayokuja kwenye bahasha ya kawaida, au kichupa cha unga unaoambiwa uchanganye mwenyewe, iache. (Viraka vya kubandika miguuni, vile vya "kutoa sumu", havihitaji maelezo marefu: hugeuka vyeusi kwa unyevu wowote. Kidondoshee maji uone.)

Usiridhike na cheti anachokutumia. Leseni ya biashara si usajili wa bidhaa. Chukua namba ya usajili, itafute wewe mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa, kisha linganisha jina, mtengenezaji na umbo la dawa. Wajanja huazima namba ya bidhaa nyingine. Ukifungua kidonge cha "majani" ukakuta unga mweupe laini, hiyo ni ishara mbaya, lakini kukuta unga wa kijani si usalama. Kinachotiwa humo ni miligramu chache tu, macho hayawezi kuziona.

Kama umeshameza, acha leo. Maumivu ya kifua, uso kupinda, mkono kufa ganzi, kuzirai au mwili kuchemka ni safari ya hospitali sasa hivi, na kopo liende nawe. Aliyejichoma sindano akaanza kutokwa jasho na kuchanganyikiwa apewe kitu cha sukari ikiwa anaweza kumeza, huku mkimkimbiza. Mwambie daktari wazi ulichotumia. Ukisema "chai tu" atatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kuhusu pesa: zile za "jaribu bure, lipia usafirishaji tu" huchukua namba ya kadi, na baada ya wiki mbili hivi hukata bei kamili kila mwezi. Kumwandikia muuzaji hakusaidii, pigia benki wafunge kadi na upinge malipo. Usitupe kopo wala vidonge vilivyobaki, vifunge kwenye mfuko uvipeleke kwa mamlaka ya dawa. Na kabla hujamwambia muuzaji neno lolote, piga picha ya tangazo, mazungumzo yote na namba aliyopokelea malipo, kwa sababu akishaona umeshtuka atakublok, na kesho ukurasa utakuwa na jina jingine na picha zile zile.