Uzoefu wangu: shahada ya uzamivu katika historia ya pwani, zama za Mreno

Natoa nyota nne kati ya tano. Ninachotathmini ni uzamivu wa utafiti nilioufanya Uingereza, mada ikiwa pwani yetu tangu Vasco da Gama alipofika 1498 hadi Mreno alipoondoka Mombasa moja kwa moja mwaka 1729. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu moja: idara iliahidi somo la kusoma hati za kale kwenye barua ya udahili, kisha haikulifundisha. Na hilo ndilo somo linalobeba shahada nzima. Kabla hujakubali nafasi, uliza kwa maandishi nani analifundisha, muhula gani, na kwa hati za lugha ipi.

Kireno ukijifunze kabla ya kwenda. Kusoma gazeti la leo hakutoshi, kwa maana makarani wa karne ya 16 waliunganisha maneno bila kuinua kalamu na kukata kila lililokatika: "que" inabaki q yenye kistari juu, "dito" inakuwa dto. Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye tarehe. Ukikuta 7bro, si Julai, ni Septemba, kwa kuwa septem ni saba kwa Kilatini na ule ulikuwa mwezi wa saba wa Warumi wa kale. Kadhalika 8bro ni Oktoba, 9bro Novemba, Xbro Desemba. Ukikosea hapo, jibu linatangulia barua na sura nzima inaharibika.

Kalenda nazo zina vita vyake. Ureno ilihamia kalenda mpya, hii ya Gregori tunayoitumia leo, mwaka 1582, siku iliyofuata 4 Oktoba ikawa 15 Oktoba. Uingereza ilingoja hadi 1752, na kabla ya hapo mwaka wake wa kisheria ulianza 25 Machi. Kwa hiyo Mwingereza aliyeandika "Februari 1650" mara nyingi anakusudia Februari 1651 kwa hesabu yetu. Kwenye daftari lako andika tarehe kama ilivyo kwenye hati, halafu pembeni yake uliyoigeuza. Usifute ya kwanza.

Sasa nyaraka. Torre do Tombo, hifadhi ya taifa ya nyaraka za Ureno iliyoko Lisbon, ndiko kwenye fungu liitwalo Corpo Cronológico, hati zaidi ya 80,000, nyingi za karne ya 16. Picha za sehemu kubwa ziko bure mtandaoni kupitia Digitarq, katalogi ya hifadhi hiyo, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kabla hujamaliza walau miezi miwili ya kupekua ukiwa nyumbani. Tafuta kwa tahajia zote: Mombaça, Monbaça, Bombaça; Malindi ni Melinde, Kilwa ni Quíloa, Faza ni Ampaza. Watu vilevile. Yusuf bin Hasan, aliyeiteka Fort Jesus mwaka 1631, kwenye hati za Mreno ni Dom Jerónimo. Ukitafuta jina moja tu, la pili linakupita na nusu ya habari zake.

Barua kati ya Goa, makao makuu ya Mreno huko India, na Lisbon zilisafiri kwa msimu wa pepo, ndiyo maana vitabu vyake vinaitwa Livros das Monções, yaani Vitabu vya Pepo za Msimu. Kwa kuogopa meli kuzama, barua moja ilinakiliwa na nakala kutumwa kwa meli tofauti. Juu ya ukurasa utaona "1ª via" au "2ª via", yaani nakala ya kwanza au ya pili. Mwanafunzi asiyejua huhesabu barua mbili, na hoja yake ya "malalamiko yaliongezeka" inaanguka mbele ya mtahini.

Jambo moja linaloua mapendekezo ya utafiti: kumbukumbu za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Mashariki, ziliteketea katika tetemeko la Lisbon la 1755. Ukipanga kuhesabu shehena za kila mwaka kutoka huko, msingi huna. Badili swali mapema, kabla ya mapitio ya mwisho wa mwaka wa kwanza.

Picha: ya kwanza iwe ya karatasi yenye namba ya rejea, ndipo ufuate kurasa kwa mpangilio. Andika f. 23 (f. ni folio, yaani karatasi) kwa upande wa mbele na f. 23v kwa wa nyuma siku hiyohiyo. Ukingoja wiki, hutakumbuka ipi ni ipi. Mimi mwanzoni nilimaliza ukurasa mmoja kwa nusu siku, na baada ya miezi mitatu nikawa nafikia minne au mitano kwa siku. Pangia ratiba kasi ya mwanzo. Ufadhili wa kawaida ni miaka mitatu hadi minne na tasnifu huishia maneno 80,000 au 100,000, hivyo muda unaoliwa na mwandiko haurudi.

Kilichonipa moyo wa kutoa nyota nne ni faida ambayo msemaji wa Kiswahili anayo na hakuna kozi inayoitoa. Katika Kireno herufi x husomwa "sh", basi xeque unayemkuta katika kila ukurasa ni shehe. Zambuco ni sambuki, aina ya jahazi. Fumo, cheo ambacho wengine hukiendea kwenye kamusi, wewe unakijua tangu utenzi wa Fumo Liyongo. Msimamizi wangu alihitaji tanbihi kwa kila neno hapo. Mimi nilihitaji kulisoma kwa sauti tu.