Fundi wetu wa choo cha pili: mabomba nampa kumi, marumaru nampa nne

Nimekaa na hii rivyuu miezi saba makusudi kabisa. Choo kikiwa kipya kila mtu anasifia, wageni wanaingia wanatoka wanasema hongereni, lakini choo cha Mbagala unakijua masika yakishapita. Sisi tulimaliza Novemba, masika yamekuja yameondoka, sa naweza kuongea.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Nyumba yetu ndogo, vyumba viwili, sebule, jiko, na choo kimoja kwenye korido, cha kuchuchumaa. Tulikuwa wanne, tukawa watano, halafu mama mkwe akaja kwa wiki mbili za kliniki ya magoti, na hizo wiki mbili zinaingia mwaka wa tatu saiv. Watu sita, tundu moja. Gari la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwahiyo kuanzia saa kumi kuna mtu anagonga mlango na mwingine ndani anajibu "bado!", na baba watoto kasimama na taulo begani kama yuko kituoni anasubiri daladala. Ila kilichonichoma roho sio foleni. Mama mkwe kuchuchumaa hawezi, akachukua kiti cha plastiki, kile cheupe cha shughulini, akamwambia mjukuu wake akitoboe katikati kwa kisu kilichopashwa moto jikoni. Kila akienda chooni anabeba kiti chake. Siku kiti kilipopasuka mguu yeye akiwa amekalia (hakuumia, alhamdulillah) nikamwambia baba watoto ile hela ya geti tusahau geti.

Walikuja mafundi watatu. Wa kwanza alitaka kukata kona ya sebule, akataja milioni sita bila hata kupima, nikamwambia asante baba, tutakupigia. Wa pili akaangalia ukuta, akagongagonga, akasema kazi ndogo hii wiki moja tu. Wa tatu ndo huyu tuliyemchukua. Alipofika hakuangalia ukuta hata kidogo, akauliza shimo liko wapi, akaomba jembe. Akafukua mfuniko wa chemba (kile kisanduku cha kukagulia bomba njiani), akachungulia, akaniambia mmwage ndoo mbili chooni, akachungulia tena, akasema, "Dada, hili shimo lenu limechoka. Nikiwawekea choo cha pili humu, masika mtaniita mnalia." Wale wawili wa mwanzo shimo hawakuliulizia kabisa. Kwangu mimi kazi aliipata pale pale.

Na hapo ndo hela ilipokwenda, niwaambie ukweli. Tulipanga 2,500,000, ikatoka 3,555,000, na kipande kikubwa kuliko vyote ni kitu ambacho hakionekani: mabomba, chemba na shimo jipya la kuzamisha majitaka ardhini vilikula 940,000. Kuta za tofali za inchi sita pamoja na bati zilikula 780,000, ufundi 750,000, iliyobaki ndo marumaru, mlango, dirisha, taa na hivyo vya kung'aa. Kwahiyo ukiona mtu anapiga hesabu ya choo kwa kuanzia bei ya sinki dukani, mwambie akae kwanza.

Sehemu tuliyotumia ni kibaraza cha nyuma, kipande cha mita 1.3 kwa 2.1, kimegusana na ukuta wa chumba cha mama mkwe. Tukavunja ukuta tukaweka mlango, bibi akapata masta yake. Kidogo lakini kinatosha: sinki la choo, shawa, na kisinki cha kunawia mikono cha pembeni ambacho ukisimama vibaya kinakugonga kiuno.

Sa kuna kisa cha siku ya kuchora. Fundi kachukua mkaa, kachora chini sinki litakaa hapa, mlango hapa. Mama mkwe katoka na kanga yake, kasimama, kaangalia.

"Fundi, kibla iko wapi hapo?"

"Shikamoo mama. Sijakuelewa."

"Marahaba mwanangu. Mimi hapo nikikaa naipa Makka mgongo."

Na kweli. Sisi tulioko Dar, Makka iko kaskazini moja kwa moja, yaani ukielekea kaskazini umeelekea kibla, na choo kikitazama kaskazini au kusini tayari una kesi, aidha unaielekea au unaipa mgongo. Fundi mwenyewe Mkristo, lakini hakubisha wala kununa, kafuta mchoro kwa mguu, kachora upya sinki linatazama mashariki. Ikabidi mlango ufungukie chumbani badala ya ndani na bomba lipinde mara moja zaidi, na pale penye kona akaongeza chemba nyingine, kasema kila bomba linapopinda lazima pawe na mahali pa kuingiza waya siku likiziba. Hela ya ile kona hakuongeza hata mia. Hapo alinimaliza.

Kuhusu mabomba sasa, hapa nitachelewa kidogo maana ndo sababu ya zile kumi. La choo ni inchi nne, na mteremko wake alikuwa anaupima kwa mpira mweupe wenye maji, ule wa kizamani, mtu mmoja huku mwingine kule, kila mita moja bomba linashuka sentimita mbili na nusu hivi. Mimi nilidhani mteremko ukiwa mkali ndo vizuri, vitu vinakimbia. Kumbe hapana, akanieleza kwamba ukizidisha sana maji yanakimbia yanaacha mzigo nyuma, ukipunguza sana vyote vinalala. Walipomaliza kulaza mabomba nikajua watafukia, hawakufukia. Akaziba mwisho wa bomba, akajaza maji mpaka juu, akaweka alama na penseli pale maji yalipoishia, akaondoka. Kesho yake asubuhi na mapema tumeinama wote pale tunaangalia alama, mpaka mtoto wa mwisho na sare ya shule, maji yako pale pale kwenye penseli. Akazibua, akakunja gazeti likawa bonge la ngumi, akalitupa, akamwaga ndoo, akakimbia chembani. Likapita mbele ya macho yetu hilo likaenda zake. Mtoto akapiga makofi. Ndo wakaanza kufukia.

Maji ya kuoga hakuyachanganya na ya choo, akayatengenezea njia yake na kishimo chake, kasema maji ya sabuni ya watu sita yakiingia kwenye karo, yaani shimo la choo, ndo yanalijaza haraka na tutakuwa tunaita gari la kunyonya kila mara. Na bomba la hewa akalipandisha likapita bati, juu akafunga wavu wa mbu. Masika ya mwaka huu jirani zetu wa bondeni wengine walikuwa wanasikilizia mvua usiku ili watapishe vyoo vyao mtaroni (mnajijua, na harufu tunaipata wote), sisi shimo halikupanda. Nilikuwa nafungua chemba kila Jumapili kama mwendawazimu kuangalia. Kavu.

Haya, tuje kwenye mabaya.

La kwanza, kupotea. Alipochukua pesa ya awamu ya pili, tena siku hiyo hiyo, akasema ana msiba Kilosa, siku mbili tu dada. Sawa, msiba ni msiba, nikampa na rambirambi elfu kumi. Siku ya tano simu haipokelewi. Siku ya saba naangalia status zake namuona yuko juu ya ngazi kwa mtu anapaka rangi dari, na maneno chini "kazi iendelee". Nikaiskrinishot nikamtumia mwenyewe bila maneno. Siku ya tisa saa moja asubuhi kapiga hodi, na elfu kumi yangu mkononi, hakutaja msiba na mimi sikutaja, tukaendelea. Ila siku tisa chumba cha mama mkwe kina tundu la mlango limezibwa na turubai, hebu fikirieni mbu wa Mbagala.

La pili ni marumaru, na hapa sina huruma naye. Mabomba ni yeye mwenyewe, marumaru alimleta kijana wake akamuachia. Siku ya kwanza kuoga mama mkwe kafungua shawa, maji badala ya kwenda kwenye tundu la kutolea maji yakaja mlangoni, yakavuka, yakaenda mpaka uvunguni kwa kitanda, kandambili zinaelea. Sakafu ilikuwa imelala kinyume! Mtu aliyepima bomba la chini ya ardhi kwa mpira wa maji, sakafu inayoonekana hata levo hakuweka. Wakavunja marumaru nane, kubandika upya 68,000, tukabishana nani alipe, mwisho vifaa vyangu kazi yake. Mpaka leo ile kona ya nyuma ya mlango inabaki na kidimbwi kama cha kikombe kimoja cha chai, nakifuta na tambara. Na grauti mistari mingine myembamba mingine minene kama kachorewa na mtoto wa chekechea.

La tatu sio lake lote. Sinki nililinunua mimi Kariakoo, nikaona limependeza, lina vitufe viwili, kidogo lita tatu kikubwa lita sita, nikalipa. Nafika nyumbani fundi kaligeuza akacheka. Shingo yake inatokea nyuma kuingia ukutani, hiyo ni ya P, na yeye tundu kalitoboa chini, inatakiwa ya S. Nikarudi dukani nimelibeba kwenye bajaji, muuzaji kanionesha kibao "mali ikishauzwa hairudishwi", nikakaa pale kwenye stuli nikawaambia sina haraka, baada ya saa nzima wakanibadilishia kwa kuongeza elfu thelathini. Kosa langu kununua bila kumuuliza, kosa lake kutoniambia mapema. Na kama na wewe unaenda kununua, pima kutoka katikati ya tundu mpaka ukutani, ukuta uwe na marumaru tayari au ziweke kwenye hesabu. La kwetu lilitaka sentimita 30, na kwa bahati tundu lilikuwa hapo hapo.

Shawa ya maji moto nayo naiweka hapa hapa. Tulinunua ile ya umeme ya kichwani, ya wati 5,500, akavuta waya wake peke yake mnene na swichi yake, vizuri, na dakika kumi za kuoga ni karibu yuniti nzima ya LUKU, hilo tulilikubali kwa ajili ya magoti ya bibi. Tatizo simtanki letu liko kwenye stendi fupi, mita mbili tu juu, maji yanashuka kwa uvivu na ile shawa bila presha haiwaki. Inawaka, inazima, inawaka. Huyu fundi stendi aliiona siku ya kwanza, angesema. Sasa hivi mama mkwe anaoga na ndoo na kata, shawa iko juu inamwangalia.

Kwa hiyo nyota? Tatu na nusu. Kama ningekuwa nalipia mabomba tu ingekuwa tano na ningemuongeza soda. Shemeji yangu wa Chamazi anataka choo cha ndani na yeye nimemuunganisha na huyu huyu, ila nimempa masharti: alaze mabomba, ajenge chemba, ajaze maji yalale usiku, sinki afunge, halafu aage. Marumaru anakuja mtu mwingine. Pesa ya mwisho isitoke mpaka ndoo ya maji imemwagwa sakafuni na kila mtu ameona imeelekea wapi. Anayetaka namba aje inbox, sitaiweka hapa hadharani.

Na foleni ya alfajiri, mtaniuliza imeisha? Haijaisha. Mama mkwe kakipenda choo chake kiasi kwamba kakinunulia kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Juzi mjukuu kamgongea saa kumi na nusu, "bibi naomba nijisaidie kwako, baba yuko ndani." Nikamsikia anajibu kutoka kitandani, "Mwambie baba yako atoke, kile ndo chenu."