Apatimenti ya vyumba vitatu Kariakoo: mambo ambayo dalali hakuambii

Tunaishi watu saba, yaani mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe, ghorofa ya saba kwenye jengo jipya la mtaa wa ndani kati ya Msimbazi na Lumumba, Dar es Salaam. Jengo silitaji, maana bado tunakaa humo na mwenye nyumba tunasalimiana vizuri. Ila kila wiki kuna mtu ananiuliza, dada, huko juu mnaishije? Basi jibu ndilo hili.

Hela kwanza. Kodi ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na juu yake laki moja ya huduma: ulinzi, taka, lifti na jenereta ya kuiendesha umeme ukikatika. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kila mtu ana yake, na kodi ya jengo ya serikali inakatwa humo humo, kama ilivyo kwa nyumba zenye Luku tangu 2021. Maji mnasomewa mita mwisho wa mwezi. Kwa pesa hiyo kule Kivule, pembezoni mwa jiji, tulikotoka unapata nyumba nzima yenye uwanja na mti wa mwembe, na chenji inabaki. Lakini mimi nauza vitenge Kariakoo. Nilikuwa natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, narudi watoto wamelala. Sasa hivi binti wa dukani akinipigia kwamba mteja wa jumla amefika, nateremka na kanga yangu begani.

Kwa macho, nyumba ni nzuri, hilo sipingi. Marumaru zimepangwa zikapangika, madirisha ya alminiamu yanafunga kisawasawa, kabati za nguo zimejengewa ukutani mpaka darini. Chumba masta kina choo chake, vyumba viwili vingine vinachangia choo cha koridoni. Kitanda cha deka kinaingia kila chumba na mlango ukafunguka wote, jambo ambalo kwenye apatimenti nyingi tulizozungushwa halikuwezekana. Maji nayapa maksi zote: kuna tangi chini ya ardhi, simtanki juu ya paa, na pampu imeunganishwa na jenereta. Ghorofa ya saba tunaoga bomba la mvua linalotoka kwa nguvu.

Sasa jiko. Aliyechora lile jiko, nina hakika hajawahi kukaanga vibua.

Jiko na sebule ni chumba kimoja, katikati wamekata kwa kaunta ya granaiti yenye viti virefu. Kwenye picha za dalali linapendeza mno. Wewe njoo siku nimetoka soko la Feri na samaki wangu, mafuta yakichemka, kale kafeni ka kutolea moshi kananguruma bure. Harufu inakaa kwenye makochi, inapanda kwenye mapazia, mpaka sare za shule za watoto zinanuka kitunguu. Mama mkwe, mtu wa Tanga, siku ya kwanza alisimama pale mlangoni akaangalia, akasema, "Mama Salma, mwanangu, hii ni nyumba gani mgeni anapiga hodi huku anahesabu sufuria zako?" Sikuwa na la kumjibu. Kwetu mgeni anakaa sebuleni, chakula anakiona kikiwa kwenye hotpoti.

Halafu hakuna mahali pa kukaa chini. Mbuzi ya kukunia nazi inataka nafasi ya mtu mzima kunyoosha miguu, na kati ya kaunta na sinki hapapiti watu wawili. Kwa hiyo nazi inakuniwa roshani, katikati ya kamba za nguo na mtungi wa akiba wa gesi. Mkaa uongozi wa jengo umepiga marufuku, na hapo nawaunga mkono, ila maharage kwa gesi ni hasara tupu. Siku hizi nachemsha ya wiki nzima kwa mara moja, nagawa kwenye vikopo, nagandisha.

Kilichotuokoa ni fundi alminiamu. Tuliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, tukaziba juu ya kaunta kwa vioo vya kusukuma, vile vya ukungu, na mlango mwepesi pembeni. Ilitugharimu laki sita na ushee. Harufu imepungua sana, na mama mkwe ameanza kuniita jikoni mwenyewe. Ukienda kuangalia nyumba ya namna hii, hiyo laki sita ihesabu kuwa sehemu ya kodi, au waambie wakuwekee kabla hujasaini.

Lifti nayo ina maneno. Ziko mbili, moja ya watu, moja ya mizigo. Ghorofa tatu za chini ni maduka na stoo, na lifti ya mizigo imekufa muda sasa, kwa hiyo marobota ya mitumba yanapanda na lifti yetu. Asubuhi na mapema ni shwari. Ukirudi adhuhuri na mtoto wa chekechea anayelilia choo, unakuta kuli wameisimamisha kwa boksi mlangoni, wanapakua taratibu, wanakuambia "mama, dakika sifuri". Hiyo dakika sifuri nimewahi kuimalizia kwa ngazi, mtoto mgongoni.

Na ngazi zenyewe ndizo zinazonikosesha raha. Kila mtu anakumbuka soko letu lilivyoungua Julai 2021, na lile ghorofa lililoporomoka hapa hapa Kariakoo Novemba 2024 likaua watu zaidi ya 20. Tulipokuwa tunatafuta nyumba, mume wangu alimwuliza dalali swali moja tu kila jengo: kuna mtu anachimba au anavunja ukuta huko chini? Dalali wa kwanza alicheka, tukamwacha. Huku tulipo hakuna anayechimba, na mipira ya zimamoto ipo kila ghorofa. Lakini wafanyabiashara wa chini wanapanga maboksi kwenye ngazi. Tukilalamika yanaondolewa, Jumamosi yamerudi. Mwenye watoto akija kuangalia nyumba, asipande lifti. Apande ngazi mpaka juu, aone kwa macho yake.

Kelele je? Zipo. Spika za "chagua, jero jero" zinaanza mapema, na siku hizi biashara inakesha, maguta na mikokoteni inapita mpaka usiku wa manane. Kumi la mwisho la Ramadhani na wiki ya kabla ya Krismasi usipange kulala na dirisha wazi. Ila vyumba vyetu vinatazama nyuma, si mtaani, na hapo tofauti ni kubwa. Vina giza kidogo, taa inawashwa mchana, lakini watoto wanalala. Kama unaonyeshwa nyumba mbili za bei moja, moja ya mbele yenye mandhari na moja ya nyuma, wewe chukua ya nyuma.

Siku ya Simba na Yanga ni habari nyingine. Klabu ya Simba iko Msimbazi, ya Yanga iko Jangwani, sisi tuko katikati, na ndani mwangu baba ni Yanga, kijana wangu mkubwa ni Simba. Vuvuzela za nje ni afadhali.

Nilichokuwa sikitegemei ni jinsi watoto walivyonenepa kwa furaha hapa. Nilidhani watakuwa wafungwa wa televisheni. Kumbe Kidongo Chekundu kuna viwanja vya michezo vya JMK, wanakwenda kwa miguu kucheza mpira na kikapu. Kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani kiko karibu, na treni ya SGR inayokwenda Morogoro na Dodoma tunaifuata na begi mkononi bila bajaji. Mama mkwe ana kliniki Muhimbili. Zamani ilikuwa safari ya siku nzima, sasa anarudi kabla ya chakula cha mchana na anapata muda wa kunikosoa mchuzi. Mwenye gari, lakini, asije. Maegesho ya jengo ni ya wenye maduka, na mtaani utalipia kila kukicha.

Maksi zangu ni saba kwa kumi. Mbili nimekatia jiko, moja nimekatia lifti na ngazi. Wanandoa wawili wanaokula hotelini wangeipa tisa, na wala wasingeona tatizo.

Mkataba wetu unaisha mwezi ujao. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na anagusia kuongeza laki kwa sababu "nyumba sasa ina jiko la kisasa lililofungwa", yaani vioo vyangu mwenyewe. Mume wangu amemjibu kistaarabu kwamba tutalipa miezi sita, kwa bei ile ile, na lifti ya mizigo itengenezwe kwanza. Tunasubiri simu yake.