Sailensa ya bunduki ya kuwindia: nunua ile utakayoiacha kwenye mtutu

Habari za jioni ndugu zangu, karibuni tena. Mnanisikia vizuri? Upepo ni mwingi kidogo leo, nivumilieni. Nipo Llano, hapa Texas, kwenye eneo tunalokodi kwa ajili ya kuwinda kulungu, na nyuma yangu pale mnaliona dungu. Ndiyo, dungu lilelile tunalolijua nyumbani la kulindia mpunga, isipokuwa hili lina paa la bati na kiti cha kuzunguka.

Tangu mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2026 swali ni moja tu: kaka, ninunue sailensa gani ya kuwindia? Najua kwa nini linakuja sasa. Tangu 1934 serikali ya Marekani ilikuwa inatoza kodi ya dola 200 kwa kila sailensa. Dola 200 za 1934, piga hesabu kwa thamani ya leo, ni zaidi ya dola 4,000. Tarehe 1 Januari 2026 kodi hiyo imeshuka hadi sifuri. Lakini tuelewane hapa: kilichoondoka ni kodi. Usajili upo palepale. Bado unajaza Fomu ya 4 ya ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, bado unatoa alama za vidole na picha, bado unachunguzwa, na bado unasubiri kibali kabla duka halijakukabidhi. Na kuna majimbo manane ambako raia wa kawaida haruhusiwi kabisa: California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Delaware, Illinois na Hawaii. Connecticut unaweza kumiliki ila si kuwindia. Ndugu zangu wa Minnesota, nyinyi mko salama tangu 2015.

Kwa nini naanza na makaratasi? Kwa sababu kitu hiki ukishakisajili kwa jina lako, ni chako. Hakuna cha kurudisha wiki ijayo ukasema hakijanipendeza. Kukiuza ni fomu upya na kibali upya. Kwa hiyo kosa la kuchagua utaishi nalo, na mimi nimeishi nalo miaka minne.

Nawaeleza. Sailensa yangu ya kwanza niliichagua kwa namba ya desibeli, kipimo cha kelele, peke yake. Nilitaka iliyo kimya kuliko zote dukani, nikapata ndefu ya inchi 9, yaani sentimita 23 hivi. Nikaifunga kwenye bunduki yenye mtutu wa inchi 24. Jumlisha: inchi 33 za chuma mbele ya mkono wangu. Siku ya kwanza ndani ya dungu hili nikaigonga kwenye fremu ya dirisha, ng'aa! Kulungu wote wakainua mikia myeupe, wakaondoka. Siku ya pili nikaigonga tena. Siku ya tatu nikaifungua nikaiacha kwenye boksi ndani ya gari. Na siku hiyohiyo ndiyo nilipiga kulungu bila sailensa na bila vizibo vya masikio, ndani ya kiboksi cha mbao. Tangu siku ile sikio langu la kushoto lina nyenje. Usiku nikizima taa, wanalia. Daktari ameniambia hawataondoka.

Basi ushauri wangu wote leo umesimama hapo. Sailensa bora ya kuwindia ni ile ambayo hutaiondoa kwenye mtutu. Namba ya desibeli inakuja baada ya hapo.

Kifaa chenyewe kinafanyaje kazi? Mwenye pikipiki ameshaelewa. Gesi ya baruti inatoka nyuma ya risasi ikiwa na moto na presha kubwa, na ikikutana na hewa ya nje ghafla, inalipuka: paa! Sailensa inaipitisha gesi kwenye vyumba vidogo vilivyotenganishwa na sahani zenye tundu katikati. Inapoa, inapungua kasi, inatoka pole pole. Ni wazo lilelile la sailensa ya eksozi. Aliyeipatia hataza mwaka 1909 ni Mmarekani Hiram Percy Maxim. Jina la Maxim mnalikumbuka? Baba yake ndiye aliyetengeneza bunduki ya rashasha ya Maxim, ile ambayo Wajerumani waliielekeza kwa babu zetu wakati wa Maji Maji. Baba akaleta bombomu, mtoto akaja kutafuta namna ya kupunguza kelele.

Sasa, filamu zimewadanganya watu. Hakuna "fyu". Bunduki ya .308, yaani yenye risasi ya upana wa inchi 0.308, bila sailensa inapiga karibu desibeli 165 au zaidi. Ukifunga sailensa nzuri unashuka mpaka kwenye 135 au 140. Desibeli haziendi kama shilingi. Kila ukishuka 10, nguvu ya sauti imegawanywa kwa kumi. Kwa hiyo ukishuka 28, umeigawanya zaidi ya mara 600. Ni faida kubwa mno kwa sikio. Lakini 140 ndiyo mstari ambao wataalamu wa usikivu wanasema mlipuko mmoja tu unaweza kuumiza. Umesimama ukingoni. Vaa vizibo hata ukiwa na sailensa. Nasema hivi mbele ya kijana wangu ambaye ndiye anashika kamera, na yeye anavyo masikioni sasa hivi.

Halafu kuna sauti ya pili ambayo sailensa haiigusi. Risasi ya .308 inatoka kwa mita 800 na kitu kwa sekunde, na sauti yenyewe inasafiri mita 340 hivi. Risasi inaipita sauti, inachana hewa njia nzima kama mjeledi. Ndiyo maana yule ndugu wa Morogoro aliyeniandikia kwamba hiki ni kifaa cha majangili, namheshimu kwa kuwajali wanyama, lakini mlio wa bunduki ya kuwindia yenye sailensa bado jirani anausikia. Na kwa nyumbani niseme wazi: Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, Tanzania unaruhusiwa kwa leseni na masharti yake. Usijaribu kuweka hiki kitu kwenye begi la safari. Hata kukitoa tu Marekani kunahitaji kibali.

Haya, mezani nina tatu. Hakuna kampuni iliyonilipa. Moja ni yangu, mbili nimeazima, na wenyewe wamekaa pale kwenye gari kwa sababu sheria inataka wawepo.

Ya kwanza ni Banish Backcountry. Titaniamu, inchi 5.5, gramu 220 hivi. Shika mkononi, ni kama kopo dogo la maziwa ambalo limeshanywewa. Ya pili ni Ultra 9 ya Thunder Beast, kampuni ya kule Wyoming, nayo titaniamu. Hiyo 9 ni urefu kwa inchi, na haifiki gramu 400. Ya tatu ni Nomad-30 ya Dead Air: chuma cha pua, inchi 6.5, gramu 400 na kidogo, nene. Bei za zote zinacheza kwenye dola elfu moja, juu kidogo au chini kidogo kutegemea duka.

Bunduki ninayotumia leo ni Ruger American Predator ya .308, mtutu inchi 18, ina thredi, ile mikato ya skrubu ya kufungia sailensa mdomoni mwa mtutu, tayari kutoka kiwandani. Nimepiga nazo zote, kila moja risasi kumi, na nimefanya kitu kimoja ambacho wanaopima wengi hawafanyi. Nimeiacha ipoe kabisa kabla ya kila risasi. Kwa nini? Ndani ya sailensa iliyopoa mna hewa, na hewa ina oksijeni, kwa hiyo gesi inaungua tena kidogo humo ndani. Mara nyingi risasi ya kwanza inakuwa na kelele kuliko zinazofuata. Mtu wa shabaha anapiga 20, hiyo ya kwanza hahangaiki nayo. Mwindaji anapiga moja! Ukiletewa wastani wa risasi tano, uliza: ya kwanza ilikuwa ngapi?

Kwa sikio langu, na ninalo moja zuri tu, Ultra 9 ndiyo tulivu kuliko zote. Haina ubishi. Mlio wake ni mzito na mfupi, kama mtu kafunga mlango wa gari la Mjerumani. Nomad inafuata kwa karibu. Backcountry ndiyo yenye makali zaidi, na hilo lazima liwe hivyo, kwa sababu gesi inahitaji nafasi na hiyo ni fupi. Hakuna muujiza.

Lakini angalieni hapa, kijana sogea karibu. Hii ni bunduki na Ultra 9: mtutu na sailensa inchi 27. Naingia dunguni... nageuka dirisha la kushoto... naiinua. Inawezekana, ila lazima uwe na akili. Sasa hii na Backcountry: inchi 23 na nusu. Nageuka. Umeona? Haigusi popote. Na ukipanda mlima siku nzima huko Colorado na bunduki begani, gramu 150 zilizo mwisho kabisa wa mtutu ni mzigo wa kweli. Mkono unazisikia kuliko zile zilizo karibu na kitako.

Titaniamu ina ugonjwa wake. Ukipiga haraka haraka inapata moto sana, nguvu yake inapungua, na inatoa cheche nyeupe. Kwa kulungu, risasi moja au mbili, hilo halikuhusu. Lakini wapo wanaowinda nguruwe mwitu usiku kwa bunduki za kujijaza zenyewe, risasi 15 mfululizo. Huyo nunua chuma, nunua kitu kama Nomad, na ujue gesi itakurudia usoni kidogo.

Kipenyo cha tundu: nunua ya .30, ya risasi za upana wa inchi 0.30 hivi. Hiyohiyo utaifunga kwenye bunduki za .308, 6.5 Creedmoor, .270, hata .243, ilimradi thredi zilingane. Kwa risasi nyembamba itapoteza utulivu kidogo tu. Kinyume chake usijaribu kamwe. Risasi nene kuliko tundu, sailensa imepasuka na wewe uko nyuma yake.

Na hapa kwenye thredi nataka mnisikilize sana. Hapa Marekani bunduki nyingi za .30 zina thredi ya 5/8x24, Ulaya utakuta M14x1, M15x1 na nyinginezo. Bunduki yangu ya zamani haikuwa nayo, nikampelekea fundi mmoja, simtaji, akaikata. Kwa macho ilikuwa safi. Ilikuwa imepinda kidogo mno, na risasi ya tatu ikagusa sahani ya mwisho. Nashukuru Mungu ilichubua tu. Tangu hapo nina hiki kijiti cha chuma kilichonyooka, kinauzwa kwa kazi hii. Bunduki tupu, chemba iko wazi, unakiingiza kupitia mtutu mpaka kitokeze mbele ya sailensa, unaangalia kama kimekaa katikati ya tundu. Dakika mbili. Usifyatue kabla hujafanya hivyo.

Ukishaifunga, piga shabaha upya. Kwangu, kwa yadi 100, risasi ilishuka inchi moja na robo ikilinganishwa na mtutu mtupu. Haijaharibika, uzito umebadilisha tu mtikisiko wa mtutu, na inashuka hivyohivyo kila siku. Teke la bunduki nalo limepungua sana, kijana wangu haogopi tena kufyatua. Ila ishike kwa mkono wenye glavu kila baada ya risasi chache uone haijalegea, kwa maana hizi za kuzungusha moja kwa moja hujifungua zenyewe.

Mimi nimesajili Backcountry, kupitia amana ya familia, wenyewe wanaiita trust, ili mke wangu naye awe mdhamini na aruhusiwe kuitumia nisipokuwepo. Ile ndefu ya zamani bado iko kwenye sefu. Jua linazama, kulungu wanaanza kutoka kwenye mialoni pale, tuzime kamera. Kijana, vizibo.