Kifaransa cha Paris na cha Brussels

Mwambie Mparisi ahesabu. Akivuka 69 anaanza hesabu ya kichwa: 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, 80 ni quatre-vingts, ishirini mara nne, 99 ni quatre-vingt-dix-neuf, ishirini mara nne na kumi na tisa. Mbelgiji hajitesi hivyo. Kwake 70 ni septante na 90 ni nonante. Cha ajabu, 80 naye husema quatre-vingts. Wenye huitante ni baadhi ya majimbo ya Uswisi. Na kwa kuwa Ubelgiji ndiyo iliyotawala Kongo, ukiwa Bukavu au Lubumbashi utasikia septante. Hapa kwangu Brussels inashinda, hasa mtu anapokutajia namba ya simu mbiombio.

Chakula ni mtego mwingine. Ukialikwa dîner Paris, nenda usiku. Kwa Mbelgiji, kwa desturi, dîner ni ya mchana, souper ni ya jioni, na déjeuner ni kifungua kinywa, ambacho Paris huitwa petit déjeuner. Uliza saa kabla ya kuvaa viatu!

Lafudhi hazipishani sana. Sikiliza neno huit: Mbelgiji hulitamka karibu na "wit", Mparisi huibana midomo zaidi. Wabelgiji wengi bado hutofautisha brin na brun, maneno ambayo kwa Waparisi wengi yana sauti moja. Simu ya mkononi? Paris ni portable, Brussels ni GSM.